Nani Ameshika Swichi?

Mijadala yetu kuhusu faragha huanzia kwenye sheria na mara nyingi huishia huko huko. Kuna swali dogo tunaloliruka: raia anapobonyeza kitufe cha kuzima Wi-Fi, je, redio imezimika kweli? Na ni nani mwenye uwezo wa kuiwasha tena bila ridhaa yake?

Mfumo endeshi wa Linux unalijibu swali hili kwa uwazi. Ndani ya kiini chake mna sehemu iitwayo rfkill, inayosimamia redio za kompyuta: Wi-Fi, Bluetooth, modemu ya simu na nyinginezo. Sehemu hiyo hutofautisha vizuizi viwili. Kizuizi laini huwekwa kwa amri ya programu, na programu yenye ruhusa yaweza kukiondoa. Kizuizi kigumu hutoka kwenye kifaa chenyewe, kwa mfano swichi iliyo ubavuni mwa kompyuta. Programu hukisoma tu, haiwezi kukitengua. Hali zote mbili huwekwa bayana kwa programu za mtumiaji kupitia faili moja, /dev/rfkill.

Linganisha na iOS 11, iliyotolewa na Apple mwaka 2017. Kitufe cha Wi-Fi katika paneli yake ya haraka hakizimi redio. Hukata tu muunganisho uliopo, redio ikabaki hai kwa huduma kama AirDrop, na ifikapo saa 11 alfajiri simu huanza tena kujiunga na mitandao. Anayetaka kuizima kabisa sharti aingie kwenye mipangilio.

Watetezi watasema huo ni urahisi kwa mtumiaji. Sawa, lakini urahisi hauhalalishi kitufe kutenda kinyume cha kile mbonyezaji anachokiamini. Kwa mwanaharakati anayelinda chanzo chake cha habari, redio hai ni alama inayoweza kufuatiliwa.

Basi, watumishi wa umma mnaoandika vigezo vya zabuni, dai swichi halisi kwenye kompyuta za ofisi nyeti liwemo humo. Nanyi wanafunzi, jifunzeni kutofautisha kuzuiwa kwa ahadi na kuzuiwa kwa waya. Mamlaka ya raia juu ya kifaa chake hupimwa kwa jambo moja: akisema "zima", kizime.