Taya, Waya na Bima

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikinunua mashati kwa kijana mmoja wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Hana duka, ana meza, na ana sauti. Mwezi uliopita nilimkuta kimya. Bodaboda aliyopanda ilikuwa imegongana na bajaji, taya lake la chini likavunjika mahali pawili, na sasa meno ya juu na ya chini yalikuwa yamefungwa pamoja kwa waya. Bei aliniandikia kwenye kipande cha boksi.

Waya si tiba ya kudharauliwa. Meno yakibanwa yakutane kama yalivyokutana kabla ya ajali, mfupa hutulia ukaunga kwa wiki 4 hadi 6, na mivunjiko mingi haihitaji zaidi. Mgonjwa hunywa uji na supu kwa mrija, hukonda, na hushauriwa kutembea na koleo la kukatia waya, asije akatapika akapaliwa. Njia ya pili ni upasuaji: daktari huufunua mfupa, huulinganisha, kisha huushikiza kwa vyuma vidogo bapa vya titaniamu na skrubu. Mara nyingi mgonjwa hufumbua kinywa mapema mno. Kwa taya lililosagika vipande vingi, au kwa asiye na meno ya kushikia waya, ndiyo njia inayofaa zaidi.

Wataalamu tunao. Chuo Kikuu cha Muhimbili, pale Upanga, si mbali na Kariakoo, husomesha mabingwa wa upasuaji wa kinywa na uso. Kijana huyu aliniandikia kwamba hospitalini alielezwa vyuma vingemfaa, kisha akaulizwa kama ana bima. Hana.

Mimi ningevunjika taya ningepewa likizo ya ugonjwa yenye mshahara (na wanafunzi wangu wangepumzika). Yeye mtaji wake ni mdomo. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Nawauliza wasomaji wangu mlioko wizarani: mnapopanga kitita cha mafao, vyuma hivi mnavihesabu kuwa tiba au anasa? Na kofia za bodaboda, abiria akibahatika kupewa, kwa nini tunaridhika na zile zinazoacha kidevu wazi?

Jumatano, saa nne asubuhi, nilipita tena. Aliyekuwa akiita wateja ni mdogo wake, amevaa sare ya shule.