Mwalimu wa Tiba kwa Vitendo Ashuke Ziwani

Ndugu zangu wa Nkasi na Ufipa nzima, mvuvi aliyepigwa na kiharusi akirudi Kipili kutoka hospitali huku anatembea, sisi husema amepona. Mimi nasema bado. Ikiwa mkono hauwezi kuvuta wavu wa dagaa usiku wa giza, na mkewe ndiye amfungaye vifungo vya shati, huyo ametoka wodini tu.

Yupo mtaalamu wa kumvusha kipande cha njia kilichobaki: mtoa tiba kwa vitendo. Humtazama mgonjwa akifanya kazi yake mwenyewe, akaona inapomshinda. Mpini wa jembe huufanya mnene ili kiganja dhaifu kiushike. Chanja huiinua, mama asiyeweza kuinama aanike dagaa akiwa amesimama. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo humtengenezea kiti cha mbao, ale bila kupaliwa. Wataalamu hawa hufundishwa KCMC, Moshi, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka ufukweni kwetu.

Basi nina neno kwa wanaowafundisha. Profesa wa fani hii ana kazi tatu: kufundisha, kutafiti na kutibu. Akiiacha moja, zile mbili hudhoofika. Asiyegusa mgonjwa atafundisha habari za miaka aliyokuwa kijana, na asiyetafiti atarudia dawa ileile hata pale isipofaa.

Mfano tunao nchini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Tanzania ilianza kuanzisha vijiji vya kilimo kwa wagonjwa wa akili, kwa sababu hospitali kama Mirembe ya Dodoma zilikuwa na watu waliotulia lakini hawana pa kwenda. Mgonjwa alikaa kijijini pamoja na ndugu yake, akalima, akafuga, muuguzi akiwa karibu. Katika huduma hizo za akili, Profesa Gad Kilonzo, daktari wa magonjwa ya akili aliyefundisha Muhimbili, hakuwa mtoa tiba kwa vitendo, lakini njia yake ndiyo ninayoisifu: alifundisha, alitibu, na mwaka 1998 yeye na mwenzake Simmons waliandika tathmini ya huduma za afya ya akili nchini. Mwalimu wa namna hiyo huingia darasani na jambo alilolipima.

Ng'ambo nako, mwaka 1980, Gary Kielhofner na Janice Burke, wataalamu wa tiba kwa vitendo, walieleza kwamba utendaji wa mtu hutegemea matakwa yake, mazoea yake, uwezo wake na mazingira yake. Baadaye Kielhofner akiwa profesa Chicago alisisitiza kuwa elimu na matibabu visitenganishwe. Lipimeni hilo la matakwa, mazoea, uwezo na mazingira hapa Kipili. Huenda mvuvi wetu amekwisha kupata nguvu za mkono, lakini kwa miezi amelala usiku na kukaa mchana, na wenzake wamempa mwingine nafasi yake chomboni. Mazoezi ya mkono pekee hayatamrudisha. Lazima mtu azungumze na wenye chombo!

Atasema mtu: zahanati hazina hata dawa za kutosha, iweje tudai wataalamu hawa? Namjibu kwamba mbao za kiti na mpini wa jembe vinapatikana papa hapa. Aghali ni kumlisha maisha yote mtu ambaye angeweza kujilisha. Tena Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haikutungwa kwa ajili ya miji mikubwa peke yake.

Kwa hiyo vyuo vilete wanafunzi Namanyere, Kirando na Kipili kwa mafunzo ya vitendo, na maprofesa waje pamoja nao, wasitume barua. Halmashauri iwape nyumba ya kulala. Wazazi wenye vijana waliofaulu sayansi wawaambie kuwa kazi hii ipo na ina heshima. Nanyi wenye vyombo, mtaalamu akija kuuliza mwenzenu alikuwa akikaa upande gani na kushika kamba ipi, mpakieni, mwende naye usiku huohuo akaone.