Haja ya Paka Safarini



Wapenzi wasomaji, kila msimu wa likizo za shule unapowadia, nyumba nyingi za Pwani huingia katika pilikapilika za safari. Walioko Mombasa huelekea Malindi na Lamu kuwazuru wazee, na walioko Lamu hushuka Mombasa kwa harusi na matibabu. Nguo hukunjwa, mahamri hufungwa, watoto huhesabiwa. Kisha hubaki swali moja ambalo aghalabu hukumbukwa gari likiwa limekwisha fika mlangoni: na paka je? Akichukuliwa, atakidhi haja yake wapi?

Swali hili huwachekesha watu likitajwa barazani, ilhali si la mzaha. Ndani yake mna mambo matatu mazito: uhai wa mnyama aliye chini ya dhamana yetu, twahara ya nguo tunazoswalia, na haki ya abiria tunaosafiri nao.

Wengi wetu twaijua hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia asimlishe, wala asimwachilie akajitafutia mwenyewe. Tuisikiapo, fikra zetu huenda kwenye chakula na maji. Lakini paka aliyetiwa kikapuni kutwa nzima hana hiari ya kwenda haja, kama vile asivyo na hiari ya kwenda kula. Aliyemfungia ndiye mwenye kuulizwa juu ya yote mawili.

Hadithi nyingine ni ile ya Abu Qatada (r.a.), aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, kisha akaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, kwani ni miongoni mwa wanaotuzungukia majumbani. Wako wanaoifahamu hadithi hii kupita kiasi, wakadhani kila kitokacho kwa paka ni twahara. Sivyo. Katika madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi wetu hapa Pwani, maji aliyoyanywa paka yanabaki kuwa twahara, lakini mkojo wake na kinyesi chake ni najisi. Ndiyo maana msafiri na paka hana budi kujipanga mapema.

Kwanza tumfahamu mnyama mwenyewe. Paka hukidhi haja kwa siri, hufukia, na huchagua mahali kwa harufu. Akitiwa ndani ya chombo kinachotikisika, kilichojaa sauti na harufu asizozijua, kawaida hujizuia. Nyumbani, paka mzima hukojoa takriban mara mbili hadi nne kwa siku, na haja kubwa huenda kama mara moja. Safari ya Mombasa hadi Lamu, kupitia Malindi, Garsen na Witu, na hatimaye boti ya kutoka Mokowe, hula sehemu kubwa ya mchana. Paka mzima mwenye afya huweza kustahimili muda huo. Kitoto cha paka, paka mzee, na mwenye maradhi ya figo au kisukari hawana uwezo huo. Kwa hivyo mwenye paka asimlazimishe kwenda haja. Kazi yake ni kumwandalia nafasi na utulivu, kisha kumwachia mwenyewe.

Maandalizi yaanze kama wiki mbili kabla ya safari. Kiweke kikapu au kizimba chake sebuleni kikiwa wazi, utandike ndani leso kuukuu, na umlishie humo mara kwa mara. Paka atakayekiona kikapu kuwa ni chumba chake hatakojoa kwa hofu mlango ufungwapo. Kizimba cha plastiki chenye mlango wa waya ni bora kuliko kikapu cha ukindu, kwa kuwa huoshwa kikatakata na hakinywi mkojo.

Andaa pia beseni pana, lisilo na kina kirefu, pamoja na mchanga ule ule anaoutumia nyumbani. Ikiwa amezoea mchanga wa dukani, mchukulie huo. Ikiwa amezoea mchanga mkavu wa kawaida, maranda ya seremala au magazeti yaliyochanwa, usimbadilishie siku ya safari. Zaidi ya hayo, chota kiasi kidogo cha mchanga aliokwisha kuutumia, ukitie katika kopo lenye kifuniko cha kukaza, na njiani ukichanganye na ule mpya. Harufu hiyo ndiyo itakayomjulisha kwamba pale ni mahali pake pa haja.

Siku ya safari, mpe chakula kidogo, kiasi cha saa nne kabla ya kuondoka, ili asitapike wala tumbo lisimsumbue njiani. Maji asinyimwe. Wako wanaomzuilia maji tangu usiku ili asikojoe garini, na huko ni kumdhuru. Katika joto letu la Pwani, mkojo wa paka asiyekunywa huwa mzito, na mkojo mzito huzidisha maradhi ya kibofu. Anayeweza kuondoka baada ya swala ya alfajiri na afanye hivyo, kabla ya jua kupamba. Na kabla ya kumtia kizimbani, mwache peke yake na beseni lake kwa muda.

Ndani ya kizimba tandika tabaka mbili au tatu: chini gazeti, juu yake nepi ya mtoto iliyokunjuliwa ikatandazwa, kisha kitambaa cha pamba chenye harufu ya nyumbani. Tabaka la juu likichafuka, huondolewa likabaki la chini. Paka asivikwe nepi. Itamtia joto na fadhaa, naye ataitafuna.

Wasafirio kwa gari lao wenyewe wasimame kila baada ya saa nne hivi, kivulini. Milango na madirisha yote yafungwe kwanza, ndipo beseni liwekwe sakafuni na kizimba kifunguliwe. Mpeni dakika kumi au kumi na tano, watoto wakinyamaza na wasimkodolee macho. Akikataa, rejesheni beseni mahali pake bila ya kumgombeza. Asitolewe nje kandokando ya barabara hata kidogo, kwani honi moja ya lori yatosha kumkimbiza asionekane tena. Wala asiachwe peke yake ndani ya gari lililofungwa wakati nyinyi mmeteremka kula au kuswali. Gari juani hugeuka tanuri kwa dakika chache. Mmoja wenu abaki naye, kisha wapokezane.

Wapandao basi waulize ofisini kabla ya kukata tiketi kama mnyama anakubaliwa na atakaa wapi. Wasikubali atiwe buti la chini pamoja na mizigo, penye joto na vumbi. Humo basini hakuna nafasi ya beseni. Tegemeo ni zile tabaka. Pakihitajika kubadilisha tandiko, kizimba kifunguliwe ndani ya chumba kilichofungwa, kama bafu la kituoni, si katikati ya abiria. Na botini, kizimba kifunikwe kwa leso ili mawimbi yasimrushie maji, na kishikwe mapajani, mbali na ukingo.

Sasa uchafu wenyewe. Tangu Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Kenya, kwa hivyo msafiri asitegemee kuokota mfuko popote. Chukua magazeti ya kufungia na ndoo ndogo yenye kifuniko, na uyatupe yaliyomo kwenye jaa la taka ufikapo. Usitupe dirishani, ufukweni, wala karibu na kisima. Mtume (s.a.w.) ametukataza kukidhi haja katika njia wapitazo watu na kwenye kivuli wanachopumzikia. Anayemwaga pale pale uchafu wa mnyama wake huwaudhi watu kwa maudhi yale yale.

Nguo za swala na msala viwe katika mkoba wa peke yake, mbali na kizimba. Mkojo ukigusa nguo, uondoe kwanza kwa kitambaa au karatasi, kisha mimina maji safi mpaka rangi, harufu na ladha ya najisi viondoke. Siki kidogo iliyochanganywa na maji husaidia kuvunja harufu kwenye kiti cha gari au ndani ya kizimba, kisha maji safi yafuatie. Usimimine dawa ya klorini ya kufulia nguo juu ya mkojo, kwa kuwa huchanganyika na amonia iliyomo ikatoa hewa yenye sumu. Na zile dawa za kuua viini ambazo hugeuka nyeupe zikitiwa maji, nyingi zina fenoli, ambayo humdhuru paka anapolamba miguu yake.

Mama mjamzito asishughulike na beseni akiwapo mwingine wa kumsaidia. Kinyesi cha paka huweza kubeba vimelea vya toksoplasmosisi, ambavyo huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vimelea hivyo huchukua siku moja hadi tano baada ya kutoka ndipo viweze kuambukiza, na hii ni sababu moja kubwa ya kusafisha beseni kila siku. Akilazimika, avae glavu na anawe mikono kwa sabuni. Hana haja ya kumfukuza paka nyumbani.

Mfikapo, kabla ya kufungua mizigo, mchagulieni paka chumba kimoja, muweke beseni pembeni na maji upande wa pili, kisha mlango ufungwe ndipo atolewe. Mwacheni humo siku kadhaa. Hasa Lamu, ambako vichochoro vina paka wengi wenye mitaa yao, mgeni akiachiwa siku ya kwanza atapigwa au atapotea.

Na hapa ndipo penye hatari ambayo kila mwenye paka yampasa kuijua. Ikiwa saa 24 zimepita tangu alipokojoa mara ya mwisho, au anaingia na kutoka katika beseni, anajikamua, analia, anatoa matone au damu, au anatapika, huyo si paka mwenye haya ya ugenini. Ni mgonjwa wa dharura. Paka dume mrija wake wa mkojo ni mwembamba, na ukiziba huweza kufa katika siku mbili tatu. Wengi hudhani amefunga choo, wakampa mafuta na kusubiri. Msisubiri; mpelekeni kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo. Kabla ya safari, ulizieni daktari wa huko mwendako, na mbebe cheti chake cha chanjo ya kichaa cha mbwa.

Mwisho, dada zangu, si kila safari ni ya paka. Yeye hupenda nyumba yake, na kwa safari ya siku chache aghalabu ni heri abaki. Lakini kubaki si kufungiwa na sinia la wali na beseni moja kwa wiki nzima. Paka hulikataa beseni lililojaa. Atajizuia mpaka augue, au ataharibu godoro. Mkabidhini jirani mwaminifu ufunguo, aje kila siku amwekee chakula na maji na amsafishie mchanga, nanyi mrudipo mmkumbuke kwa zawadi. Ama kumpeleka paka wa nyumbani sokoni au bandari ya samaki, mkasema Mola atamruzuku, huko ni kuivunja amana. Kweli Mola ndiye mwenye kuruzuku, lakini paka huyu rizki yake ameipitishia mikononi mwenu.

Mwenyezi Mungu awajaalie safari za salama, na atujaalie kuwa wenye huruma kwa viumbe Vyake.

Wabillahi tawfiq.