Bundi wa Ghalani



Mwezi huu napenda kuwaeleza habari ya ndege aliyekaa shambani kwangu, na kosa nililolitenda juu yake.

Shamba langu ni dogo, la mahindi, muhogo na minazi michache, karibu na Muheza katika Mkoa wa Tanga. Mwishoni mwa mwaka 2020 bundi wawili wenye uso mweupe walitaga mayai darini mwa ghala yangu. Baada ya sala ya Isha tuliwasikia wakilia, na asubuhi watoto wakiokota madonge ya manyoya na mifupa, ambayo bundi huyatapika akishakula.

Siku hizo mkwe wangu, mama wa ahali yangu, alikuwa mgonjwa nyumbani kwangu. Jirani akaniambia: "Maalim, ndege huyu hakuja bure. Amekuja kumchukua mtu." Vijana wa chuoni wakaniomba ruhusa ya kuwapiga mawe. Nami, niliyewasomesha miaka mingi kwamba hapana mwenye kudhuru wala kunufaisha ila Mwenyezi Mungu, nikanyamaza. Kunyamaza kwangu ndiko kulikokuwa ruhusa. Bundi mmoja akauawa, wa pili akakimbia, na makinda wakafa kwa njaa.

Baada ya siku 11 mkwe wangu alifariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Usiku ule hapakuwa na bundi wa kulia juu ya paa. Siku yake ilifika kama alivyoandikiwa.

Ikaja masika ya mwaka 2021. Nilipanda mahindi, panya wakafukua mbegu kabla hazijaota. Nikapanda tena, wakafukua tena. Panya wa shamba huzaa sana mvua zikiwa njema, hata watoto 10 au zaidi kwa mimba moja. Hapo nikayakumbuka madonge yale: kila tulipolipasua moja tulikuta mafuvu ya panya ndani yake, mara mawili, mara matatu. Kumbe nilikuwa na mlinzi asiyetaka ujira, nami nikaacha auawe. Wengine hukimbilia sumu. Lakini panya aliyekula sumu akiliwa na bundi au paka, naye huweza kufa, na panya waliosalia hubaki bila adui.

Ndugu zangu, jambo hili Mtume (S.A.W.) alikwisha kutuonya. Katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim amekanusha itikadi ya mkosi, na akamtaja khasa "hama", ambaye baadhi ya wanavyuoni wamemfasiri kuwa ni bundi, ndege aliyeogopwa na Waarabu wa zama za ujahili. Na katika Surat Al-An'am, aya ya 38, Mola wetu ametufahamisha kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Basi vipi tumwue kiumbe kwa sababu ya sauti aliyoumbwa nayo?

Enyi wazazi, msiwarithishe watoto khofu hii. Nanyi vijana, mkono usitangulie elimu. Mimi nimekwisha kuwaambia wanafunzi wangu kwamba kosa lile lilikuwa langu kabla halijawa lao. Tundu la dari ya ghala nimeliacha wazi. Hajaja bundi mwingine mpaka leo. Usiku nawasikia panya.

Wabillahi tawfiq.