TAARIFA YA TAWI: ADA NA KURA ZA MAONI ZA URAIS



Juzi ofisi ya tawi ililetewa ada za wanachama 31, na mtu mmoja, katika bahasha moja. Tumeirudisha. Ada hulipwa na mwenye kadi, naye husaini daftari mwenyewe. Ukilipiwa ada wiki mbili kabla ya kura za maoni, kura hiyo ni ya nani?

Kila mmoja ana mtu wake katika waliochukua fomu za urais. Si kosa, hata sisi viongozi tunao. Lakini matusi yaliyojaa humu tangu Jumapili yanatutisha kuliko wapinzani wetu. Mnakumbuka 2015. Lowassa alikatwa CCM, akahamia Chadema, na Oktoba akapata kura zaidi ya milioni 6. Huko Chadema nako Dk. Slaa akajiweka kando. Anayekatwa haondoki peke yake, na anayepokelewa naye ana watu anaowaudhi. Hao mnaowatukana leo ndio tutakaowaomba kesho watembee nyumba kwa nyumba.

Halafu mama muuza mboga wa pale stendi hayumo humu. Tulimuuliza kuhusu wagombea wetu. Aliwajua wawili tu, kisha akatuuliza sisi bei ya mafuta ya kula itashuka lini. Hatukuwa na jibu, na humu hakuna aliyewahi kuligusa hilo.

Ada zinapokelewa ofisini hadi Ijumaa saa 10 jioni. Njoo mwenyewe na kadi yako. Wale 31 pia mnakaribishwa.

Katibu wa Tawi