Hagler hapimwi kwa usiku wa Leonard

Kila orodha ya mabondia bora wa uzito wa kati inapopangwa, wapo wanaomteremsha Marvin Hagler kwa hoja zilezile. Nimezisikia za kutosha, na naona hazimtendei haki.

Wanasema ushindi wake mkubwa aliupata kwa watu wadogo waliopanda uzito kumfuata. Kwa Roberto Durán nakubali. Durán alianza kung'ara katika uzito mwepesi, na bado mwaka 1983 alimfikisha Hagler raundi 15 na kuachwa kwa pointi chache mno. Usiku ule Hagler alijihadhari kupita kiasi. Lakini Thomas Hearns alikuwa mdogo kwa lipi? Alimzidi Hagler kimo na urefu wa mikono, na miaka miwili baada ya pambano lao akatwaa taji madaraja mawili juu. Tarehe 15 Aprili 1985, pale Las Vegas, alimchana Hagler usoni hadi mwamuzi akasimamisha pambano ili daktari aukague mkato. Hagler alijua damu ile ingeweza kumpokonya mkanda. Hakurudi nyuma, alimfuata Hearns na kumwangusha katika raundi hiyohiyo ya tatu.

Na John Mugabi wa Uganda, mshindi wa medali ya fedha ya Olimpiki ya Moscow? Kweli, naye alipanda uzito. Ila alipanda akiwa hajapoteza pambano hata moja la kulipwa, na yote aliyoshinda hayakufika kengele ya mwisho. Machi 1986 walitwangana hadi raundi ya 11 ndipo Mugabi akalala. Anayeuita ushindi ule rahisi hajalitazama pambano.

Hoja ya vipigo vya Philadelphia haistahili muda mrefu. Mwaka 1976 Bobby Watts na Willie Monroe walimshinda kwa pointi, nyumbani kwao. Hagler aliwarudia wote wawili, na wote wakasimamishwa kabla ya muda.

Kisha huja Sugar Ray Leonard, Aprili 1987. Hagler alizitupa raundi za mwanzo kwa kupigana mkono wa kushoto mbele, kwa mkao wa mabondia wa mkono wa kulia, ilhali yeye alikuwa bondia wa shoto. Kosa ni lake. Lakini majaji waligawanyika: mmoja alimpa Hagler 115-113, wa pili akampa Leonard kwa hesabu hiyohiyo, wa tatu akaandika 118-110 kwa Leonard, yaani raundi 10 kati ya 12. Kadi hiyo siwezi kuitetea hata ningekuwa shabiki wa Leonard. Na hata tukimpa Leonard ushindi halali, Hagler alipoteza kwa tofauti ndogo, akikaribia miaka 33, baada ya zaidi ya miaka sita na nusu ya ubingwa.

Imebaki hesabu ya Bernard Hopkins: alitetea taji mara 20, Hagler mara 12. Namheshimu sana Hopkins, lakini tangu 1995 hadi 2001 sehemu kubwa ya utetezi huo ilikuwa ya mkanda mmoja, wa IBF, huku mabingwa wengine wa uzito uleule wakiwa na mikanda yao. Hagler alipomsimamisha Alan Minter raundi ya tatu jijini London, Septemba 1980, alichukua taji lisilogawanyika. Kwa miaka iliyofuata, aliyetaka kuitwa bingwa wa dunia wa uzito wa kati alilazimika kupanda ulingoni na yeye.