Natembea kwa mguu na sijasota

Huku Embu na Meru tuna ugonjwa mmoja. Tukiona mtu mzima anatembea kwa mguu, tunajua amekosa nauli. Kutoka Gakoromone kupanda Makutano, boda. Kutoka stendi ya Embu hadi Kangaru, boda. Kuna watu nawajua wanapanda boda kutoka kwa geti hadi dukani, na hilo duka unaliona ukiwa kwa geti. Ukitembea, watu wanakusalimia kwa huruma.

Mimi hutembea. Asubuhi nusu saa kutoka Kangaru hadi tauni, jioni nusu saa kurudi. Wasee wa boda wa steji yetu wamenizoea hadi wananiuliza, "Buda, hata leo umekosa fifti?" Na kwangu iko mbaya zaidi kwa sababu mnajua stori yangu, niliacha chuo mwaka wa pili. Mtu akiniona na begi mgongoni saa kumi na mbili jioni, viatu vimejaa vumbi, anajumlisha haraka: aliacha masomo, sasa hata boda imemshinda. Hiyo hesabu ilifika hadi nyumbani Nkubu kabla mimi nifike.

Wacha niwape hesabu yangu.

Mchana niko kwa saiba. Nawajazia watu mambo ya KRA, nawatafutia vyeti kwa eCitizen, nawaombea vijana mkopo wa HELB (ndio, mimi, cheka tu). Usiku nahariri hizi video mnatazama. Ukiweka pamoja, nakaa kwa kiti kama masaa 11 kwa siku. Na kiti hakiumi. Ukibeba gunia la viazi mwili unakuambia umechoka, lakini ukikaa siku nzima unaamka ukiwa sawa tu, ila suruali ndio inaanza kukataa.

Kuna daktari mmoja Mwingereza anaitwa Jerry Morris. Mwaka 1953 alichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa mbili. Dereva na makanga wako kwa basi moja, wanapita njia moja, wanarudi kwa mitaa ya aina moja. Tofauti ni kwamba dereva amekaa, na makanga anapanda na kushuka ngazi siku nzima akikusanya nauli. Makanga walipatwa na ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva. Utasema labda ni presha ya barabara. Sawa, Morris aliangalia pia watu wa posta: wale wa kupeleka barua kwa mguu na baiskeli, na makarani wa kukaa ofisini. Tena ni wa kukaa ndio waliumia zaidi. Karani ndiye mimi, na pengine ni wewe.

Kitu kilinifanya nimpende huyo mzee ni kwamba 1956 alirudi akaangalia saizi za suruali za kazi. Akapata madereva walikuwa na viuno vikubwa kuliko makanga hata wakiwa wapya kazini. Kwa hivyo si makosa yote ni ya kiti. Angeweza kunyamaza, akasema.

Sasa ruka hadi 2016. Jarida la Lancet lilitoa uchambuzi uliokusanya watu zaidi ya milioni moja. Wale wanaokaa zaidi ya masaa 8 kwa siku walikuwa na hatari zaidi ya kufa mapema, lakini wale kati yao waliokuwa wakifanya kitu kama kutembea haraka dakika 60 hadi 75 kila siku, hiyo hatari ya kukaa ilionekana kuisha. Dakika 60! Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Na mia moja ya boda kila siku inabaki kwa mfuko. Siku 24 za kazi, hiyo ni 2,400 kwa mwezi. Jimu hailipi mtu.

Lakini tusidanganyane kuhusu kilo. Kutembea kulinipa pumzi, usingizi na magoti yasiyolia. Kilo zilitoka mezani. Saa moja ya kutembea haraka inachoma kama kalori 250 au 300, kulingana na uzito wako. Soda ya nusu lita ina sukari karibu gramu 53, hizo ni kama vijiko 13 vya chai, na kalori zaidi ya 200. Ongeza KDF moja ya saa nne na umerudisha matembezi yote na chenji juu. Kwa hivyo nilitoa soda, nikaacha KDF, chapo ikawa ya Jumamosi. Githeri sikugusa, mtu asikudanganye uache githeri. Kutoka kilo 91 hadi 79, ilinichukua miezi kumi. Pole pole hivyo, na hakuna kontenti mbaya kama hiyo, kwa sababu hakuna kitu cha kuonyesha wiki ijayo.

Ndio maana wale wa majani ya kupunguza tumbo wanapata soko. Mwaka huu mmoja aliniandikia akitaka video tatu, akaweka 20,000 mezani. Rent yangu ni 5,500, piga hesabu mwenyewe vile hiyo pesa iliniangalia. Nikamuuliza ndani kuna nini. Senna. Senna ni jani la kufungua choo. Unaendesha, maji yanatoka, mizani inashuka, unakunywa maji, mizani inarudi. Mafuta ya tumbo hayajaguswa. Nilikataa, na nilikula madondo huo mwezi wote.

Na kabla mtu wa kwetu aandike kwa komenti kwamba sisi tuna yetu ya asili: najua. Meru tuna miraa, Embu tuna muguka, na zote zinaua njaa kweli. Lakini angalia zinavyotumiwa. Mtu anakaa masaa sita mahali pamoja na soda ya pili kwa mkono, halafu halali.

Sasa kitu kigumu, na si njaa. Ni kwenda nyumbani.

Nilipokuwa na kilo 91, kila shangazi alisema nimenawiri, mjini kumenikubali. Nilipofika na 79, mathe alinishika mkono juu ya kiwiko, akaupima na vidole, hakusema kitu. Usiku akaniuliza kama niko na shida yoyote ninamficha. Mwanzo nilitaka kucheka. Halafu nikafikiria umri wake. Yeye alikuwa msichana miaka ya tisini, wakati ukimwi ulikuwa unamaliza watu na hakukuwa na dawa mtu wa kawaida angepata. Uganda ule ugonjwa waliuita Slim. Kwa macho yake kijana akipungua, kinachofuata ni matanga. Huwezi kumtoa hiyo na grafu ya Lancet.

Na kuna ingine. Mathe amechuma majani chai maisha yake yote, kikapu mgongoni, kupanda na kushuka miteremko. Hajawahi kusema neno mazoezi. Alichotuombea ni kazi ya kukaa. Kiti changu cha saiba, hata bila digrii, ni sehemu ya kile alichomlipia Mungu na shule. Nikimwambia kiti ndicho kinaniumiza, anasikia nimekataa zawadi. Kwa hivyo simwambii hivyo. Nikienda Nkubu naamka mapema, nachukua kikapu, tunaenda naye shambani. Ananishinda vibaya sana, na jioni ananiongezea mukimo akiamini anatibu kitu.

Nimekuwa nikiwaambia mtembee kama ni rahisi kwa kila mtu. Dada mmoja anayefanya kazi kwa duka la M-Pesa karibu na sisi alinijibu vizuri: "Wewe ni mwanaume, sema hiyo saa moja usiku." Anatoka kazini giza limeingia, ameshika simu na pesa, na kuna sehemu kabla ya Kangaru haina taa na unatembea kwa mchanga kando ya magari ya Meru. Boda kwake si uvivu wala maringo. Sasa nikifunga saiba namngojea, tunatembea pamoja na wengine wawili. Hiyo sehemu ingehitaji taa tatu tu. 2027 wakija kuomba kura, mimi hilo ndilo swali langu.